Ufa wa Masika

Naikumbuka siku ile kwa sababu ya mlango. Mlango wa chumba changu ulikataa kufunga. Jana yake ulifunga vizuri, na mimi ndiye niliyeufunga, maana nilikuwa mzazi ndani ya arobaini na kazi yangu ilikuwa kunyonyesha na kuzuia upepo usimpige mtoto. Asubuhi nausukuma, unagoma. Nikaukandamiza kwa bega, ukakwama nusu, na pembeni juu pakabaki mwanya unaopitisha mwanga. Nikadhani mbao zimevimba kwa mvua, nikarudi kitandani.

Mwanangu, kaa chini. Najua wewe ni mjukuu, mama yako Zaina ndiye niliyemzaa, lakini leo nakuita mwanangu kwa sababu nina jambo zito na sitaki utani wa bibi na mjukuu. Zima hiyo pikipiki kwanza, inanipigia kelele masikioni.

Umeniletea kipande hiki cha chuma chenye kutu, unacheka, unaniuliza kama ni mali ya Mjerumani. Ninyi vijana wa huku! Mtu akichimbua hata msumari, basi Mjerumani kaficha dhahabu. Umekipata kwenye msingi unaochimba kule juu ya Mombo, penye migomba. Nimekiweka hapa mapajani na nitakuambia ni cha nani. Lakini kwanza nijibu: vile vigingi vyenye rangi nyekundu walivyopigilia wataalamu waliokuja kupima kilima, ni kweli umeving'oa ukafungia kamba ya msingi wako? Ni kweli. Loo! Mtu anakuwekea alama ya hatari, wewe unaigeuza kifaa cha ujenzi. Nilipoambiwa nilicheka, kisha chakula kikanishinda.

Mawingu unayaona yanavyojipanga upande wa Lushoto. Dalili ya mvua ni mawingu, na masika yamekaribia. Nisikilize mpaka mwisho, halafu ukitaka kukasirika, kasirika.

Mimi na marehemu babu yako Athumani hatukuwa watu wa milimani. Sisi ni Wazigua wa Handeni, watu wa tambarare, tunaofuata maji lamboni na kurudi na ndoo ya tope. Ardhi tuliyoijua ilikuwa ya namna mbili: nyekundu ya kulima na kujengea, na nyeusi ya mbugani. Ile nyeusi kiangazi hupasuka nyufa, ndama akikanyaga vibaya anavunjika mguu. Wala hakuna anayeogopa. Wazee walituambia ni kiu tu, ardhi imefungua kinywa inaomba maji. Mvua ikinyesha, nyufa zinafumba zenyewe, watu wanapanda. Kwa hiyo mtoto wa Handeni ukimwonyesha ufa ardhini, hatetemeki. Anatazama juu kuona kama kuna wingu.

Babu yako alipata kibarua cha kukata mkonge Ngombezi, na huko akasikia kwamba juu ya Mombo, milima inapoanza, kuna maji mwaka mzima. Tukahamia. Wenyeji, Wasambaa, walitupokea vizuri, wakatuonyesha eneo tuchague wenyewe pa kulima na pa kuishi. Babu yako akapapenda mahali pamoja palipokaa kama kiti: nyuma mteremko mkali, katikati bapa, mbele mteremko tena. Chemchemi ilikuwa jirani kabisa. Jembe lilizama bila kugonga jiwe. Mtu aliyekulia lamboni, ukimwonyesha chemchemi mlangoni umeshammaliza.

Lakini hakuwa mjinga. Alimwita bwana shamba aje kupatazama. Akaja kijana mpole, mwembamba, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Akachimba shimo, akachukua udongo, akaulowanisha, akausokota viganjani mpaka ukawa mrefu kama tambi na haukukatika. Akapanda nyuma kwenye mteremko. Akatazama miti ambayo mashina yake yalipinda chini kisha yakanyooka juu, kama mtu aliyeteleza akajishika. Akauliza maji ya mvua hupita wapi, na hakuna aliyejua. Akashuka akasema, "Udongo mzuri huu, kaka. Migomba itakubali, mahindi yatakubali. Ila nyumba usiweke hapa. Jenga kule kwenye mwamba."

Mimi nilikuwepo, nina mimba ya mama yako, nikasikia yote. Babu yako alisikia mpaka kwenye "mzuri", yaliyofuata yakapita na upepo. Nikamwambia, "Jamani, amesema nyumba hapana." Akanijibu, "Mke wangu, udongo mzuri ni mzuri." Kule kwenye mwamba kuchimba choo ni jasho na damu, na maji ni mbali. Akajenga hapa hapa kwenye kiti chake, kuta za miti na udongo, bati juu, mlango wa mbao za mkaratusi. Mlango huo aliuchonga mwenyewe na alijivuna nao sana.

Ngoja niseme hili kabla sijalisahau. Neno "nzuri" limewaponza watu wengi. Nzuri kwa nini? Kanga ya harusi ni nzuri, lakini huendi nayo kupalilia. Ardhi ya kulima ina uzuri wake, ya kujenga ina wake, na ipo nyingine ambayo uzuri wake ni kuachwa na miti yake. Yule bwana shamba aliyasema haya kwa maneno machache, lakini mwenye hamu hasikii sentensi ikiisha.

Basi, nikajifungua, na mama mkwe akaja kutoka Handeni kunilea. Mwanamke mkali yule, Mungu amrehemu! Uji wa pilipili manga asubuhi, maji ya moto, tumbo kufungwa, na mlango kufungwa. Kwake yeye, mzazi kuonekana nje kabla ya arobaini lilikuwa jambo la kutamkwa kwa kunong'ona. Hata kwenda chooni alinifunika kanga kichwani na kutazama kulia na kushoto. Nilimwogopa, na nilimpenda kwa sababu alimshika mwanangu vizuri.

Masika yalikuwa yameshika. Si mvua ya kupiga na kuacha, ni ile ya kukaa, unalala inanyesha na unaamka inanyesha. Siku moja babu yako alikwenda nyuma kukata majani ya mgomba, akarudi anacheka. "Nyumbani kumetufuata," akaniambia dirishani. "Kuna ufa huko nyuma kama wa mbugani kwetu." Akachukua jembe, akajaza udongo, akaushindilia kwa miguu. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema, akanawa mikono. Kesho yake ufa ulikuwa wazi tena, umepanuka. Akauziba tena. Hakumwambia mama yake, maana kwa mtu wa kwetu ufa ardhini si habari ya kumpelekea mtu.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya mlango.

Mama mkwe aliingia na bakuli la uji, akajipitisha ubavu kwenye ule mwanya, akasimama. Akaweka bakuli chini. Akatazama mlango kuanzia chini mpaka juu, akapitisha kidole kwenye ule mwanya wa pembeni.

"Nani kaupiga mlango huu?"

"Hajaupiga mtu, mama. Umekataa wenyewe."

Akamwita mwanawe. Akamuuliza kama kuna ufa popote, ukutani au nje. Babu yako akasema upo nyuma, lakini ameuziba.

"Umeuziba lini?"

"Juzi. Na jana. Na leo asubuhi," akasema, akacheka kidogo.

Mama mkwe hakucheka. "Ulifunguka jua likiwaka?"

"Hapana, mama. Umefunguka na mvua hizi hizi."

Akageuka tena kuutazama mlango. Nilisikia mvua juu ya bati, na mtoto akinyonya. Kisha mama mkwe akasema polepole, kama anayejisemea, "Ufa wa kiu hufungwa na mvua. Huu mvua ndiyo inaufungua. Athumani, ardhi hii haiombi maji. Imeshiba, inataka kuondoka."

 Mwanamke yule hakuwahi kuishi mlimani hata siku moja. Alichokijua ni kile kile tulichokijua sisi sote watoto wa Handeni, ila yeye aliuliza swali ambalo sisi hatukuuliza. Akamchukua mtoto, akamfunga kwa kanga mbili, akaniambia nivae. Nikaropoka, "Mama, na arobaini?"

"Arobaini ni ya walio hai. Vaa!"

Tulitoka kwenye mvua. Babu yako akakataa. Akasema ataezua bati kwanza, bati hazipatikani kirahisi, na akapanda juu ya paa kweli, kwenye utelezi ule, na nyundo mkononi. Nikalia. Nikamwita, akajifanya hanisikii. Mama mkwe akasimama chini, amemkumbatia mtoto, maji yanamchuruzika usoni, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Athumani, shuka. Ukibaki juu ya hilo bati, radhi yangu huna, duniani wala akhera."

Kwetu neno hilo mama halirudii. Akashuka, amevimba kwa hasira, akatufuata.

Tukapewa darasa kwenye shule iliyoko bondeni. Hapo ndipo yalipoanza mateso ya namna nyingine, maana kilima hakikuanguka. Mvua inanyesha, kilima kipo. Watu wakaja kumtazama mzazi aliyetolewa nje kabla ya siku zake. Wengine walileta unga na kuni, wengine walileta midomo. "Hawa watu wa tambarare wanakimbia mvua!" Babu yako alikuwa anakaa mlangoni mwa darasa, kidevu mkononi, anatafuna hasira. Na mimi nikawa naomba kilima kisianguke, papo hapo naona aibu kwamba hakianguki. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Kila ikinguruma nilimshika mtoto mpaka analia.

Yule bwana shamba alipata habari, akaja. Hakusema "si niliwaambia". Alimwambia babu yako, "Mvua ikipumua, panda mara moja. Pigilia kigingi kimoja juu ya ufa na kingine chini yake, funga kamba katikati, inyooke lakini isikaze. Halafu ondoka, usikae. Ukirudi ukaikuta imekaza, ardhi inatembea. Ukiikuta imekatika, kimbia. Na usikimbilie chini, udongo utakufuata. Kimbia pembeni." Mama mkwe akavuta kamba ya katani kwenye kikapu alichokuwa anasuka, akampa mwanawe. Babu yako alikwenda akafunga, akarudi amelowa, anasema mambo yote haya ni woga wa wanawake.

Kisha mvua ikakatika. Jua likatoka, jua kali la kuanika nguo, na kilima kikafuka mvuke. Watu wakasema imekwisha. Babu yako akachukua panga lake. "Nakwenda nyumbani kwangu."

"Kwanza kamba," akasema mama mkwe.

"Mama, jua linawaka!"

"Kwanza kamba. Usitie mguu ndani kabla hujaitazama."

Akaenda huku ananung'unika. Nilisimama mlangoni mwa darasa na mtoto, nikawa naliangalia shati lake jeupe linapanda, linakuwa dogo. Nikamwona amefika nyumbani. Akasimama mbele ya nyumba. Nikajua anatamani kuingia, maana godoro lilikuwa ndani, na nguo za mtoto, na kile kitanda alichokichonga.  Nikasema kwa sauti, kana kwamba atanisikia, "Kamba, baba, kamba." Akazunguka nyuma kwenye migomba.

Akatokea mbio, hana panga, anakata pembeni kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Kamba ya katani, mwanangu, unaijua ilivyo. Inavuta mzigo. Aliikuta imekatika, ncha moja inaning'inia huku na nyingine kule, na katikati ufa unaoweza kummeza mbuzi.

Nikaona migomba inatembea. Haikuanguka, ilitembea ikiwa imesimama wima, na nyumba ikaifuata, bati linametameta juani. Ndipo sauti ikafika, nzito, ya chini kwa chini, kama lori linamwaga mawe. Nyumba ikachutama, kisha haikuwepo. Palibaki udongo mwekundu mbichi tu na maji ya chemchemi yanayotafuta pa kupita.

Lile shati jeupe nilikuwa silioni tena. Niliita jina la mume wangu mbele za watu, kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Lilipotokea pembeni kwenye mwamba, kule kule alikoambiwa ajenge, nilikaa chini pale pale na mtoto. Alishuka kwa njia ya mbali, hana kiatu kimoja, akaja akakaa miguuni pa mama yake, akalia kama mtoto. Mama mkwe hakumsema. Alimwambia, "Nenda kaoge, ule."

Baadaye, tumetulia, ndipo alipotuweka chini wote wawili. Akasema, "Ufa wa ukutani ziba. Ufa wa ardhini uulize kwanza umefunguliwa na nini." Na bwana shamba akatueleza kile kiti kilivyopatikana. Udongo mwingi vile, usio na jiwe, haukuzaliwa pale. Ulikuwa umeshuka kutoka juu zamani, ukatulia, ukaota majani, ukajifanya tambarare. Chini yake kuna mwamba laini, na chemchemi inapita katikati yao. Ni kama bonge la ugali juu ya sahani iliyolowa. Liache, litakaa. Iinamishe sahani kidogo tu, uone.

Sasa, wale wataalamu wa juzi uliowang'olea vigingi. Nilikwenda kuwauliza, na kifimbo changu hiki, na walinijibu kwa heshima. Wametazama mteremko ulivyo mkali, udongo ni wa aina gani na kina chake, mwamba uko wapi, maji yanakaa wapi, nini kimeota na nini kimekatwa. Wakakigawa kilima kwa rangi. Kijani, jenga. Njano, jenga kwa masharti, toa mifereji, panda miti, usichonge mteremko ovyo. Nyekundu, lima tu kama utaweza, lakini usilale hapo. Niliwauliza penye migomba pana rangi gani. Jibu ulikuwa nalo mkononi mwako ulipokuwa unang'oa.

Wewe umekulia Korogwe mjini, na mama yako hapendi mazungumzo haya, kwa hiyo hukujua. Ulipaona mahali pamekaa vizuri kama kiti, udongo laini, chemchemi jirani, ukasema pazuri. Maneno yale yale! Nilipoyasikia kinywani mwako nilimwona babu yako mzima mzima.

Hiki chuma ulichonichimbulia si cha Mjerumani. Ni bawaba. Tazama, huu upande uliopinda aliupinda babu yako kwa nyundo, kwa sababu hakuwa na ya kununua. Ni ya mlango wangu. Msingi wako, mwanangu, umeuchimba juu ya nyumba yetu, pale ilipotulia baada ya kushuka. Na kilichoshuka mara moja kinajua njia.

Kwa hiyo nasaha yangu ndiyo hii, na sitaizungusha. Rudisha vigingi vya watu ulipovitoa, na ukawaombe radhi. Fukia huo msingi, panda migomba, uvune na ushukuru. Ukitaka kujenga, nenda kwenye mwamba, utoke jasho la kuchimba choo, jasho halijamuua mtu. Popote utakapokwenda maishani, usiulize ardhi ni nzuri au mbaya, uliza ni nzuri kwa nini. Mtu aliyesoma akikuambia jambo, msikilize mpaka nukta ya mwisho. Tazama miti imepindaje, maji yanatokea wapi, mlango unafunga au haufungi. Ukiona ufa umefunguliwa na mvua, ziba maji yasizidi kuingia, lakini watoto watangulie kutoka kwanza, na usirudi kwa sababu jua limewaka. Na wakikucheka, wacha wacheke, watacheka huku unawasikia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wewe ndiye mjukuu wangu, sitaki uwe majuto yangu.

Chukua bawaba yako, uende nayo. Ukipata mlango, ifunge hapo, hata kama ni mbovu.

Mimi tangu siku ile mvua ikinyesha sipati usingizi, nakaa kitandani nausikiliza mlango, na mama yako vivyo hivyo, ingawa alikuwa kichanga hakumbuki kitu. Basi Mwenyezi Mungu akuondolee urithi huo. Akupe mke, akupe watoto, akupe na nyumba ambayo mvua ikianza kupiga bati, wewe unavuta shuka na kulala. Amina.